Kwa Nini Msiifute Safu Inayoitwa Lori

Siku mliyoniaga, baada ya keki na kabla ya hotuba ya meneja, Wangeci alinivuta kando karibu na mashine ya kuchapisha akaniuliza swali. Sikulijibu vizuri kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Alisema kwamba kwenye jedwali letu kubwa la kampuni, mwisho kabisa upande wa kulia, baada ya nambari zote za mfumo wa kimataifa, kuna safu inayoitwa Lori. Haina maelezo popote. Inatumiwa na mteja mmoja tu. Mwezi ujao mnahamia toleo jipya la mfumo, na safu isiyo na mwenyewe itafutwa. Je, hii ina mwenyewe?

Nilimeza keki nikamwambia iko na mwenyewe, na kwamba nitaandika. Basi nimeandika. Nimekaa kibarazani hapa nyumbani Karatina, mlima umejifunika mawingu kama kawaida yake, na mke wangu amenipa muda hadi ng'ombe wakamuliwe. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Aliyepata anajua, na aliyekosa anajua zaidi.

Kwa yule aliyeajiriwa juzi, wacha nianze na kazi yenyewe. Programu yetu inachuja hisa. Mteja anasema anataka kampuni za aina hii, hataki za aina ile, anataka zenye faida kila mwaka; anabonyeza, na kati ya kampuni zote za soko letu na masoko ya majirani anabaki na orodha fupi. Lakini kompyuta haijui "aina" ni nini. Lazima mtu akae chini aamue kampuni hii ni ya benki, hii ni ya saruji, hii ni ya chai. Kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi, na kabla yangu alikuwa Madam Nyokabi.

Madam Nyokabi alikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya kuja mjini Nyeri kufanya kazi na sisi. Alikuwa mfupi, mwenye sweta ya kijani hata wakati wa jua, na alizungumza nasi wote kana kwamba tumechelewa paredi. Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ikinuka rangi na misumari. Nilipoingia siku ya kwanza nilitafuta kompyuta yangu kwa macho sikuiona. Niliona ukuta mzima umetundikwa viondo, vile viondo vya mkonge ambavyo mama zetu huenda navyo sokoni, kila kimoja na kibao chake: Chai, Benki, Saruji, Bima, Maua, Vileo. Ndani ya kila kiondo kulikuwa na kadi za kampuni. Huo ndio ulikuwa mfumo wetu wa kugawa viwanda, na msicheke, ulifanya kazi.

Nilidhani nitapewa kadi nizisome. Nilipewa daftari, mwavuli na thermosi ya chai, nikaambiwa niende Thika nikakae mkabala na geti la kiwanda fulani kutwa nzima, niandike kila kinachotoka ndani ya lori. Nikauliza kama si rahisi kusoma ripoti ya mwaka ya kampuni hiyo. Madam alinitazama kwa huruma.

"Hapa hatuandiki vile kampuni inasema," akaniambia. "Tunaandika kile kinatoka kwa geti."

Basi nikaenda. Jina la kampuni lilikuwa na neno "mashamba" ndani yake, na nilikuwa tayari nimeiweka akilini kwenye kiondo cha kilimo. Kufikia saa sita nilikuwa nimehesabu malori kumi na moja, na hakuna hata moja lililobeba kitu kilichowahi kuota ardhini. Yote yalibeba mabomba ya plastiki. Mlinzi wa geti alinishuku kuwa mtu wa kodi, halafu akanishuku kuwa mwizi, halafu mvua ikanyesha akanihurumia akanipa kiti ndani ya kibanda chake. Tulipomaliza chai yangu alikuwa ameniambia yote: mashamba yaliuzwa zamani, limebaki jina. Nimesoma ripoti nyingi tangu siku hiyo, na bado nasema mlinzi wa geti akipewa kikombe cha chai anajua kuliko mkaguzi.

Kesi ngumu zilikatwa wakati wa chai ya saa nne. Nduma na viazi vitamu mezani, Madam kwenye kiti cha mwisho, na mmoja wetu anasimama na kadi mkononi kujitetea. Kulikuwa na kampuni iliyotengeneza magodoro na viberiti, na tukagombana wiki mbili kama ni ya nyumba au ya moto. Kulikuwa na hoteli ambayo vyumba vyake vilikaa vitupu lakini ikiishi vizuri kwa kukodisha kiwanja cha nyuma. Kura tulipiga kwa punje ndani ya kikombe: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Punje zikitoshana, wale waliobishana zaidi walipewa mwavuli wakaangalie lori. Ubishi ulipungua sana wakati wa mvua za masika.

Jambo moja la viondo lishikeni vizuri, kwa sababu ndilo chanzo cha yote. Kampuni moja iliweza kukaa ndani ya viondo viwili au vitatu. Kama geti lilitoa vitu viwili, Madam aliandika kadi mbili. Hakujali ni kipi kinaleta pesa nyingi. Kimetoka au hakijatoka, basi.

Kompyuta zilipokuja, kadi zikaingia ndani na viondo vikateremshwa ukutani, ila majina tuliyaacha yale yale. Miaka michache baadaye Madam alistaafu akaenda Gatitu kufuga kuku. Siku ya mwisho alinikabidhi kiondo kimoja kitupu akaniambia nikitumie kubebea chakula, na akaniambia nisiamini karatasi peke yake. Kiondo nilikitumia kila siku. Hilo la pili nalo nilidhani nimelisikia.

Sasa tufike Kangari. Miongoni mwa wateja wetu wa kwanza kilikuwa kikundi cha akina mama wa kanisa moja huko, wakulima wa chai, thelathini na wawili. Waliweka pamoja sehemu ya bonasi yao ya chai na kununua hisa, polepole, mara moja kwa mwaka. Madam mwenyewe ndiye aliyewafundisha kutumia programu. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Gathoni, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo ilinyamazisha ukumbi mzima. Alikuwa amemzika mwanawe wa pili, Kariuki, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyemalizwa na pombe kali ya bei rahisi. Hakuwa peke yake. Kwenye kile kikundi ungeuliza nani hajazika kijana au mume kwa sababu hiyo, na mikono ingeinuka michache tu.

Ndiyo maana katiba yao ilikuwa na kifungu cha nne, nakikumbuka neno kwa neno: "Hatutaweka hata shilingi mahali panapotengenezwa kitu kilichotuzikia watoto." Madam aliwahifadhia chujio lao ndani ya programu: kampuni zenye faida, zisizo na madeni makubwa, toa zote zilizo ndani ya kiondo cha Vileo. Kila Januari walibonyeza kitufe kimoja, wakapata orodha yao, wakapiga kura. Mama Gathoni aliwaambia wanachama kwamba mashine hii haiwezi kuwapeleka baa. Walimwamini, naye alituamini sisi.

Halafu ukaja mwaka wa kuhama. Wateja wakubwa walitaka mfumo wa kimataifa wa kugawa viwanda, ule wenye nambari ndefu, kwa sababu huwezi kulinganisha kampuni ya hapa na ya ng'ambo kama wewe una kiondo na mwenzako ana nambari. Nisiwadanganye, mimi ndiye niliyeupigia debe kuliko wote. Ni mfumo mzuri. Umepangwa kwa ngazi, hakuna ubishi, na sheria yake kuu ni safi: kampuni moja, kiti kimoja, na kiti kinaamuliwa na pale kampuni inapopata mapato mengi zaidi. Nilichoka kuhesabu mahindi na maharagwe. Nilitaka kuwa mtaalamu.

Kazi ya kuhama ni jedwali la kuoanisha: kushoto kiondo cha zamani, kulia nambari mpya. Kazi hiyo ilinichukua miezi minne na miwani mipya. Tatizo lilikuwa zile kampuni zenye kadi mbili au tatu, kwa maana sasa kila moja ilitakiwa kiti kimoja. Nikafuata sheria: nikafungua ripoti, nikaangalia mapato, nikachagua kiti, kadi zilizobaki nikazitupa. Kulikuwa na kampuni moja ya sukari kutoka soko la jirani, sitaitaja, yenye kadi kwenye kiondo cha Vyakula na kadi nyingine kwenye kiondo cha Vileo. Nikaona ripoti, karibu mapato yote ni sukari. Nikasema Madam naye, sukari na vileo wapi na wapi. Kadi ya pili nikaitupa.

Hapa wacha niwape somo la kazi. Chujio lililohifadhiwa halilii likiumia. Likileta orodha tupu, mteja atapiga simu na utarekebisha, hiyo ni bahati. La kuogopa ni lile linaloleta orodha nzuri, iliyojaa, yenye jina moja lisilofaa. Hakuna atakayepiga simu. Kwa hivyo kabla ya kuhama, endesha kila chujio la mteja mara mbili, kwa mfumo wa zamani na mfumo mpya, uweke orodha mbili kando kwa kando, na kila tofauti uitolee sababu.

Mimi hilo nililifanya. Ndilo linaloniuma mpaka leo, nililifanya. Chujio la Kangari kwa mfumo wa zamani lilileta majina tisa. Kwa mfumo mpya lilileta kumi. Nililiona jina la kumi kwa macho yangu mawili, ile kampuni ya sukari. Nikajiambia sheria iko wazi, sukari ni chakula. Ilikuwa Ijumaa, kazi ilikuwa imeisha, na meneja alikuwa ametuagizia nyama choma. Nikaweka alama ya sawa nikaenda kula mbuzi.

Januari ikafika. Jumatano moja, saa nne kamili, nduma ikiwa mkononi, simu ikalia. Alikuwa Mama Gathoni. Hakusalimia kwa urefu kama kawaida yake, hakuuliza mke wala mvua.

"Muriuki," akasema, "niko na chupa hapa kwa meza. Na niko na pakiti ya sukari. Hii kampuni iko kwa ile orodha yetu ama haiko?"

Akanisomea jina. Nikaweka nduma chini.

"Iko, mama."

Halafu akanieleza, polepole. Asubuhi hiyo alipopeleka majani ya chai kituoni aliokota kichupa kwenye mtaro, kama anavyoviokota kila siku ili watoto wasikanyage vigae. Ni vile vichupa vidogo vya pombe kali, vya kutoshea mfukoni. Safari hii akakigeuza akasoma maandishi madogo ya nyuma, akaona jina ambalo alikuwa ameliona mahali. Akaenda jikoni akatoa pakiti ya sukari. Lilikuwa jina lile lile. Na ndiyo kampuni waliyoipigia kura wiki iliyopita, kwa vicheko, kwa sababu mmoja wao alisema chai na sukari ni mtu na ndugu yake. Fomu ilikuwa imetiwa sahihi na watu watatu na kupelekwa kwa dalali Nairobi. Walikuwa wameweka bei yao. Hisa zikishuka kidogo tu kufikia bei hiyo, zingekuwa mali yao.

Nilikata simu nikafungua ukurasa wa bei. Bei ilikuwa imebakisha senti chache kufika pale walipoweka. Soko lingefungwa saa tisa alasiri. Nikampigia dalali, akanijibu kwa upole kwamba mimi si mteja. Agizo ni la kikundi na litafutwa kwa barua yenye sahihi tatu zile zile, hata picha ya simu itatosha. Nikampigia Mama Gathoni nimweleze, simu haikuingia tena, basi nikachukua ufunguo wa pikapu ya ofisi. Lakini kabla ya kuteremkia Kenol nilipitia Gatitu, kwa sababu nilikuwa na swali, na kwa sababu nilikuwa naogopa kwenda peke yangu.

Madam Nyokabi alikuwa akiwapa kuku maji, sweta ile ile. Nikamuuliza kwa nini kampuni ya sukari ilikuwa na kadi ya Vileo. Hakufikiria hata kidogo. Akasema nyuma ya kiwanda kuna geti dogo, na kwamba alikaa siku mbili mkabala na lile kubwa kabla mlinzi hajamwambia kuhusu hilo la nyuma. Sukari ikishatolewa, inabaki ile molasi nyeusi, na molasi inatengenezwa pombe. Lori dogo, mara mbili kwa siku, na mapipa ya buluu. Pesa zake ni kidogo ukilinganisha na sukari, ripotini huwezi kuziona ila ukurasa wa mwisho kwa herufi za mchwa.

"Uliangalia lori?" akaniuliza.

"Niliangalia ripoti, Madam."

Alifunga banda la kuku, akaingia nyumbani, akatoka na mkoba na mwavuli, akapanda pikapu. Njia nzima hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliongea habari za kuku mpaka Kenol.

Kangari tulifika saa saba na nusu. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya chai, kijani kila mahali unapotazama, na mimi sikuwa na hamu ya kutazama. Wanachama wengi walikuwa wameshaitana, wameketi kwenye ukumbi wa kanisa wakiwa bado na aproni zao za plastiki za kuchumia. Mbele, juu ya meza, kulikuwa na kichupa na pakiti ya sukari kando kwa kando. Mama Gathoni alikuwa amesimama. Tulimkuta akisema kwamba yeye ndiye aliyewaambia mashine hii ni ya kuaminika, kwamba amewafanya waweke sahihi mahali Kariuki alipouziwa kifo chake, na kwamba anaomba wachague mwenyekiti mwingine. Alilisema hilo bila kulia. Natamani ningeweza kusema hivyo juu yangu.

Nikapita mbele kabla sijaambiwa. Nikawaeleza kila kitu: jedwali, kadi niliyoitupa, orodha ya tisa na orodha ya kumi. Nikawaambia mashine haijakosea, imefanya nilivyoiambia, na mwenyekiti wao hana kosa hata la kusingiziwa.

"Lile jina nililiona," nikasema. "Lilikuwa moja tu limezidi. Nikaweka alama ya sawa nikaenda kula."

Halafu mama mmoja wa nyuma, mwenye kofia ya sufu, akauliza bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Na hukuenda kuangalia? Madam alituambianga nyinyi mnaangaliaga lori."

Nimeulizwa maswali na wakaguzi, na mawakili, na meneja wanne tofauti. Hakuna swali lililowahi kuniingia kama lile. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze na viatu vyangu. Nikasema, sikuenda, mama.

Madam akatazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika kadhaa. Akawakumbusha kwa sauti ya paredi kwamba kulaumiana kunaweza kungoja, soko haliwezi. Barua ikaandikwa hapo hapo nyuma ya karatasi ya nyimbo. Mama Gathoni akatia sahihi, mweka hazina akatia sahihi, na hapo ikagunduliwa kwamba katibu, Mama Wanja, hayupo. Hakupata habari ya mkutano, na simu yake iko nyumbani kwenye chaji. Alikuwa akichuma kwenye mteremko wa ng'ambo ya bonde.

Sisi wa ofisini tungeanza kutafuta nambari ya jirani. Wale akina mama walitoka nje, wakasimama ukingoni mwa bonde, na watatu wakaita kwa pamoja, jina moja refu likivutwa juu ya chai. Ng'ambo ile, kidoa cha aproni ya njano kikainua kichwa. Wakaita tena maneno mawili matatu ya Kikuyu, na kidoa kikaanza kuteremka. Nilihesabu dakika ishirini na mbili. Mama Wanja alipanda hadi kwetu akihema, kikapu kimejaa mgongoni, akaweka sahihi kwa vidole vyeusi kwa utomvu wa chai, ndipo akauliza ameitiwa nini.

Picha tuliituma. Mtandao ukasinzia, ukaamka, ukasinzia. Dalali alijibu saa tisa kasoro dakika kumi na nne: agizo limefutwa. Kesho yake asubuhi bei ilishuka ikapita pale walipokuwa wameweka. Siku hiyo hatukujua hilo, tulishukuru tu. Mama Gathoni alikaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kitambaa, na sasa akalia. Nami nililia kidogo, sina haya kusema.

Mjadala wa uenyekiti ulikwisha kwa dakika moja. Yule mama wa kofia ya sufu alisema kosa moja haliachi mke, na hili hata si lake, akae. Kisha wakanigeukia mimi. Kikundi chao kina faini kwa mwanachama anayekosea, na ingawa sikuwa mwanachama walikubaliana kwa kauli moja kwamba leo nimekuwa. Faini yangu haikuwa ya pesa. Wakanivisha aproni, wakanibebesha kikapu, wakanituma shambani kwa Mama Wanja nimalizie kazi aliyoiacha.

Niliwachumia kwa muda wa karibu saa mbili, nikijiona hodari. Nilipofika kituoni, karani wa chai alimwaga majani yangu mezani, akayagawa kwa mkono, akasukuma karibu yote pembeni. Wanataka majani mawili na chipukizi. Mimi nilileta majani manne, vijiti, na jani moja la mti ambao hakuna aliyeutambua. Alisema hii si chai, hii ni kuni. Akina mama walicheka wakashikana mabega. Mtu mzima ninayelipwa kugawa vitu katika makundi yake nilikuwa nimeshindwa na jani. Madam Nyokabi alicheka kuliko wote, na ndiyo mara ya kwanza niliyopata kuyaona meno yake yote.

Tulipokuwa tukiondoka, Mama Gathoni alikuja dirishani mwa pikapu akanipa kile kichupa mkononi.

"Kaa nayo mahali utaiona," akasema. "Mimi nimeziona za kutosha."

Mfumo wa kimataifa hatukuuacha. Wateja wengine waliufurahia na wanaufurahia hadi leo, na hata mimi bado nausifu. Kampuni ya sukari iko kwenye kiti chake cha sukari, na ndicho kiti chake halali. Nilichofanya ni kuongeza safu moja mwishoni, nje ya mfumo wote, ambayo inaandika kila kitu kinachotoka kwenye kila geti, kikubwa na kidogo, hata kama hakilipi hata bili ya stima. Kuijaza mara ya kwanza kulituchukua miezi sita. Ofisi nzima tulitoka na miavuli. Siku hizi mnatumia picha za simu na zile kurasa za mwisho za ripoti, na ni sawa kabisa, mradi kuna mtu amekwenda kuangalia. Nikaiita Lori kwa heshima ya Madam, nikasahau kuandika maelezo. Chujio la Kangari nililifunga kwenye safu hiyo, na kila Desemba niliiendesha orodha yao mwenyewe, jina kwa jina, kabla hawajabonyeza.

Kwa hivyo Wangeci, hesabu yako ni sahihi. Safu hiyo inatumiwa na mteja mmoja, mara moja kwa mwaka. Mama Gathoni bado ndiye mwenyekiti, miguu inamsumbua lakini sauti ni ile ile. Hajui kwamba mnahama. Ataketi Januari na miwani yake, atabonyeza kitufe kimoja, na atasaini atakachoonyeshwa.

Mwenye kusafisha ofisi aliwahi kuniombea kwa siri kwa ajili ya kile kichupa, akidhani nina tatizo. Kiko kwenye droo ya pili ya meza yangu, ambayo sasa ni yako, chini ya mwavuli. Sikukisahau, nimekiacha. Kama baada ya kusoma haya bado mtaona safu ya Lori ifutwe, sitapiga simu kwa meneja. Chukua tu kichupa hicho, panda pikapu, pitia Kenol, umrudishie Mama Gathoni mkononi mwake, umwambie wewe mwenyewe.